Upinde mpya wenye kelele: shughulika na mshale kwanza, vinyamazishi baadaye

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nimenunua upinde mpya wa kuwindia, ule wa kiasili usio na puli wala magurudumu, ncha zake zimepinda kuelekea mbele. Urefu wake ni inchi 60, na ubavuni umeandikwa pauni 45 kwa inchi 28. Kila nikiachia mshale unatoa mlio mkali, 'taa!', kisha unavuma mkononi. Nimefunga vinyamazishi viwili vya mpira kwenye kamba lakini mlio umepungua kidogo tu. Mishale yangu ni ya kaboni, mmoja una gramu 21 pamoja na chembe chake, ile ncha ya mbele. Kutoka kwenye kamba hadi kwenye mshikio ni sentimita 18. Navuta kwa vidole vitatu chini ya mshale. Je, nimeuziwa upinde mbovu? Au nitafute vinyamazishi vya aina nyingine?"

Jibu: Ndugu yangu, kwa hayo uliyoyaandika, sioni dalili ya upinde mbovu. Na umenirahisishia kazi kwa kuleta vipimo. Wengi huniandikia kwamba upinde una kelele, wakaishia hapo, nami nabaki kubahatisha. Kwako naona wakosaji wawili waziwazi: mshale mwepesi kupita kiasi, na kamba iliyo karibu mno na mshikio. Wa tatu namshuku tu, nitamfikia. Vile vinyamazishi vifungue leo hii uviweke mfukoni. Vinafunika sauti ambazo masikio yako yanazihitaji ili kujua tatizo liko wapi.

Tuanze na mahali kelele inakotoka. Ukivuta kamba, mikono ya upinde, yaani zile sehemu mbili zilizo juu na chini ya mshikio, hupinda na kuweka akiba ya nguvu. Ukiachia, sehemu kubwa ya akiba hiyo huondoka na mshale. Inayobaki haina pa kwenda ila kwenye upinde wenyewe: mikono inatikisika, kamba inavuma, kiganja kinapata mshtuko, na masikio yako yanapata hiyo "taa". Ukirusha jiwe la kiasi, nguvu za mkono huondoka nalo. Ukirusha bua kavu kwa nguvu zilezile, bega ndilo linalobaki likiuma. Upinde nao uko hivyohivyo. Kinyamazishi hakipunguzi nguvu zilizobaki, kinazifyonza tu zikishafika kwenye kamba. Ndiyo maana mtu hufunga vinne, vitano, upinde ukaonekana kama umeota ndevu, na kelele bado ipo.

Sasa hesabu ya mshale wako. Wapiga upinde hulinganisha uzito wa mshale na nguvu ya upinde kwa greni kwa kila pauni. Greni moja ni gramu 0.0648, kwa hiyo gramu zako 21 ni greni 324 hivi. Gawanya kwa pauni 45, unapata 7.2. Watengenezaji wengi wa pinde za aina hii hawapendi mshale ushuke chini ya greni 8 kwa pauni, na upinde wa kuwindia kwa kawaida huanza kutulia kwenye 9 au 10. Ukitaka 9 kwa pauni 45, mshale uwe na gramu 26. Ukitaka 10, gramu 29. Kwa upinde wa nguvu yoyote kuna njia ya mkato: kila kilo moja ya nguvu ya kuvuta ipewe gramu 1.4 za mshale, hapo utakuwa kwenye 10 bila kusumbuka na greni.

Lakini pauni 45 ni zako kweli? Namba hiyo ni ya mtu anayevuta inchi 28, yaani sentimita 71. Vuta mshale hadi pale unapotulizia mkono shavuni, mwenzako atie alama ya kalamu kwenye mshale pale unapopita mbele ya mshikio, kisha urudishe kamba taratibu. Ukikuta unavuta inchi 26, basi toa pauni mbili au tatu kwa kila inchi iliyopungua. Upinde wako mkononi mwako utakuwa karibu pauni 40. Mizani ya ndoano ya kupimia mizigo itakupa jibu la uhakika: ning'iniza kamba ya upinde kwenye ndoano, vuta mshikio chini hadi ile alama, usome. Hili si la kelele peke yake. Baadhi ya sheria za uwindaji huweka kima cha chini cha nguvu ya upinde, na zipo nchi ambazo kuwinda kwa upinde hakuruhusiwi kabisa, kwa hiyo ijue namba yako halisi na sheria ya unakowinda kabla hujatoka.

Njia nyepesi ya kuongeza uzito ni chembe kizito zaidi, au kile kipande cha shaba kinachoingizwa ndani ya mshale kushika chembe. Ila hapa pana mtego. Kila unapoongeza uzito mbele, mshale unakuwa kama umelainika: unapinda zaidi unaposukumwa na kamba. Mshale hauondoki umenyooka. Hupinda ukauzunguka mshikio, ukajinyoosha tena njiani. Ukiwa mgumu mno au laini mno kwa upinde wako, mkia wake unagonga ubavu wa upinde ukipita, na kugonga huko kuna sauti yake: "tak" kavu, fupi, inayokuja pamoja na mlio wa kamba kiasi kwamba huwezi kuzitenganisha kwa sikio lako mwenyewe.

Mishale ya kaboni huwa na namba ya ukakamavu ubavuni. Iliyoandikwa 500 maana yake mshale ukilazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, ukaning'iniziwa gramu 880 katikati, unabonyea nusu inchi. Namba ikipanda, mshale ni laini zaidi. Mti hupimwa kwa nguzo za inchi 26 na uzito wa pauni 2, kwa hiyo usilinganishe namba za mti na za kaboni ukadhani ni lugha moja. Usinunue mishale kumi na miwili kwa kukisia. Tafuta miwili au mitatu ya ukakamavu tofauti, iache mirefu bila kukata, na ujaribu kwa mshale usio na manyoya, jaribio ambalo nitalieleza hapo chini.

Utaniuliza: mshale mzito si utakwenda polepole? Ndiyo, utapoteza mwendo kidogo na utashuka mapema zaidi. Kwa umbali ambao upinde wa kiasili unastahili kumlenga mnyama, hasara hiyo naichukua bila kufikiri mara mbili. Mshale mzito unapenya vizuri, na upinde wako utaishi muda mrefu zaidi. Mshale mwepesi kupindukia ni ndugu wa kuachia kamba bila mshale, na kuachia kamba bila mshale, kama hukuambiwa dukani, usifanye kamwe, hata mara moja kwa majaribio. Mikono ya upinde inaweza kupasuka papo hapo.

Twende kwenye kimo cha kamba, yaani umbali kutoka kwenye kamba hadi sehemu ya ndani kabisa ya mshikio. Upinde wa inchi 60 wenye ncha zilizopinda kwa kawaida hupendelea kati ya sentimita 19 na 21. Kama mtengenezaji ameandika kipimo chake, fuata chake. Wewe uko 18. Kwa upinde mpya hili ni la kawaida sana, maana kamba mpya hurefuka. Inapigwa mishale hamsini, mia, vifundo na nyuzi vinajikaza, kamba inaongezeka urefu na kimo kinashuka bila mwenyewe kujua. Kamba za dakroni hurefuka kuliko zile za nyuzi za kisasa zisizovutika. Kwa hiyo usianze kurekebisha chochote kwa makini kabla kamba haijamaliza kurefuka. Piga kwanza, kisha pima.

Kimo kikiwa chini mno, kamba husukuma mshale kwa safari ndefu zaidi na kwenye upinde wa aina yako hupiga kofi kwenye ncha za mikono inaporudi. Kikiwa juu mno, upinde unakuwa mkali mkononi na unapoteza mwendo. Katikati kuna mahali upinde unaponyamaza, na mahali hapo hujulikana kwa kusikiliza tu. Kunja kamba mizunguko minne au mitano kufuata upande uleule iliosokotwa, rudisha kwenye upinde, pima, piga mishale mitatu ukisikiliza. Kila awamu itakuinulia kimo milimita chache. Utasikia mlio ukipungua makali, awamu baada ya awamu, halafu utafika mahali unaanza kupanda tena au kiganja kinaanza kulalamika. Rudi hatua moja. Hapo ndipo kwako.

Mambo madogo ya hapo. Fungua kamba kwenye upinde kila unapokunja, na tumia kile kifaa cha kamba cha kuvishia upinde. Kukunja upinde kwa kuupitisha katikati ya miguu ndiko kunakopindisha mikono ya pinde nyingi. Kamba yenye mizunguko michache mno hukaa bapa na kuvuma kwenye upepo, hata kabla hujavuta. Yenye mizunguko mingi mno utaijua ukiilegeza: inajikunja yenyewe vifundo vidogo kama mkia wa nguruwe, na hapo unahitaji kamba fupi zaidi, kuikunja zaidi hakutakusaidia. Ukishapata kimo chako, kata kijiti cha urefu huohuo ukiweke kwenye mfuko wa mishale, kwa sababu joto na mvua hukibadilisha, na utataka kukipima porini bila rula.

Na usikimbilie kubadilisha kamba ya dakroni kwa ile ya kisasa isiyovutika kwa sababu umeambiwa ina kasi. Ina kasi kweli. Lakini inapofika mwisho haitoi hata kidogo, na ncha za upinde zisizoimarishwa kwa ajili yake zinaweza kupasuka. Muulize aliyeutengeneza kwanza. Kwa upande wa utulivu dakroni nene ina tabia nzuri, na mimi binafsi nisingeigusa mpaka mengine yote yamemalizika.

Hiyo "taa" yako ninaihusisha zaidi na kofi la kamba kwenye ncha. Tazama upinde ukiwa umevishwa: kamba haiishii kwenye kitanzi tu, inalala juu ya mkono wa upinde sentimita kadhaa kabla ya kuachana nao. Ukivuta inanyanyuka, ukiachia inarudi kupiga palepale. Jaribu hivi: chukua uzi wa sufu, uzungushe kwenye kamba pale inapoachana na mkono wa upinde, juu na chini, mizunguko kama kumi, na ufunge kwa muda. Piga. Kama "taa" imegeuka "tup", umempata. Dawa ya kudumu ni hiyo sufu ifungwe vizuri, au ukanda mwembamba wa ngozi laini au kitambaa chenye manyoya ubandikwe juu ya mkono wa upinde mahali hapo. Uwe mwembamba, ukiwa mnene unabadilisha kimo cha kamba. Mara nyingi baada ya kimo kupanda kofi lenyewe hupungua, kwa hiyo hili lifuate kimo, lisilitangulie.

Kisha noki, kile kipande cha plastiki chenye mkato kinachouma kamba. Vika mshale kwenye kamba, uning'inie ukitazama chini, noki ndiyo iushike. Gonga kamba kwa kidole kando yake, mguso mwepesi. Mshale uanguke. Usipoanguka, noki imebana mno, na kila ukiachia inang'ang'ania kamba na kuivuta mbele kabla ya kuiachia. Ukianguka kabla hujagonga, imelegea, na hiyo ni hatari zaidi ya kelele, kwani inaweza kuteleza ukabaki umeachia kamba tupu. Noki iliyobana huweza kupanuliwa kidogo, na iliyolegea kubanwa, kwa kuichovya kwenye maji ya moto na kuikandamiza taratibu mpaka ipoe. Au badilisha unene wa uzi uliozungushiwa katikati ya kamba. Fanya jaribio hili kwa kila mshale, maana noki za pakiti moja hazifanani zote.

Sasa yule mkosaji wa tatu niliyemshuku: kituo cha noki, ile alama kwenye kamba inayoonyesha mkia wa mshale ukae wapi. Anayevuta kidole kimoja juu na viwili chini huanza na kituo kilicho juu ya usawa wa kilalio cha mshale, yaani pale mshale unapolala juu ya mshikio, kwa milimita 10 hadi 13. Anayevuta vidole vitatu chini kama wewe anahitaji juu zaidi, 16 hadi 19, kwa sababu vidole vyote vikiwa chini husukuma mkia wa mshale kushuka unapoondoka. Wauzaji wengi hufunga kituo kwa mtindo wa kidole kimoja juu, na mnunuzi hupiga hivyohivyo. Kituo kikiwa chini, mkia wa mshale unapiga kilalio na kuruka juu. Nyunyiza poda nyeupe kwenye kilalio, piga mshale mmoja, utazame. Mshale safi huacha mkwaruzo mdogo mwanzoni tu. Unaogonga huacha alama ya nyoya la chini, na ukitazama nyoya lenyewe utaona ukingo wa mti wake umelika au umeng'aa.

Funga vituo viwili kwa uzi, kimoja juu ya noki na kingine chini yake, uache nafasi ndogo sana ya noki kupumua. Kwa vidole vitatu chini, kile cha chini ndicho kinachozuia mshale kuteleza kushuka kwenye kamba. Uzi ni mwepesi kuliko vile vipete vya shaba, na unaweza kuuzungusha ukapanda au kushuka kama skrubu wakati unatafuta mahali pake.

Jaribio la mshale usio na manyoya linakamilisha haya yote. Simama mita 10 au 12 kutoka kwenye shabaha laini. Piga mishale mitatu yenye manyoya, kisha miwili isiyo nayo lakini yenye uzito uleule. Zungushia utepe nyuma kufidia uzito wa manyoya. Linganisha ilipotua. Kwa mtu wa mkono wa kulia, usio na manyoya ukitua kushoto ya wenzake ni mgumu mno, ukitua kulia ni laini mno; wa mkono wa kushoto ageuze. Mgumu huongezewa uzito wa chembe, laini hukatwa urefu nusu sentimita kwa wakati mmoja. Ukitua juu, kituo cha noki kiko chini. Ukitua chini, kiko juu. Ila jihadhari: kituo kikiwa chini sana mshale unagonga kilalio, unaruka, na kutua na mkia ukiwa juu, ukakudanganya kwamba kituo kishushwe zaidi. Kwa hiyo anzia juu kwa makusudi, milimita 19 au hata 20, halafu shuka. Na usilijaribu na vyembe vya kuwindia. Mshale usio na manyoya wenye chembe cha makali hauna mwelekeo.

Kuna jambo moja kuhusu vidole vitatu chini ambalo kituo cha noki hakiwezi kulitibu. Pinde nyingi hupimwa mizania ya mikono yake, yaani mkono wa chini ukawa mgumu kidogo kuliko wa juu, kwa ajili ya mtu anayevuta kidole kimoja juu. Ukishusha vidole vyote, mikono miwili haifiki mwisho wa safari kwa pamoja, na hilo husikika. Jaribu mishale michache kwa kidole kimoja juu. Kama mlio unashuka waziwazi, umejua sehemu ya kelele inakotoka. Upinde wenye mikono inayofungwa kwa bolti zinazorekebika utausawazisha. Upinde wa kipande kimoja una njia mbili tu, kubadilisha namna ya kushika kamba au kuvumilia kilichobaki. Usiupige msasa. Upinde wa tabaka zilizogundishwa hurekebishwa na fundi wake.

Hadi hapa tumesema kelele ya kuachia. Kelele inayowakosesha wawindaji wengi, kwa maoni yangu, huja kabla: ni ile ya kuvuta. Mshale wa kaboni ukikokotwa juu ya ngozi kavu unatoa "ssss" ndefu, na mnyama aliye mita 12 bado ametulia, hajashughulishwa na kitu kingine, anaisikia yote. Kaa kwenye chumba kimya, mshale umeelekezwa kwenye shabaha iliyo salama, vuta polepole usikilize. Badala ya ngozi ngumu bandika ngozi yenye manyoya mafupi, au upande laini wa vitambaa vya kunasana. Chini ya hicho kitambaa weka kijiti chembamba kama cha kiberiti, kilazwe kukatiza njia ya mshale, pale ambapo mshikio una kina kirefu zaidi. Mshale utagusa kilima kidogo badala ya kulala kwenye kilalio kizima. Vika kitambaa kilekile ubavuni mwa upinde, kipande kipana kuliko unavyodhani kinatosha, kwani mshale unapopachikwa gizani alfajiri mkono hautulii, na kaboni ikigonga mti mtupu ni mwito wa hatari.

Vitu vinavyolegea nisiende mbali navyo. Podo lililofungwa ubavuni mwa upinde ndilo mwenye hatia mara nyingi. Liondoe upige, usikie tofauti. Gonga mshikio kwa ngumi huku sikio likiwa karibu, kaza bolti zote, na hakikisha vyembe vilivyo ndani ya kofia ya podo havigusani.

Kuhusu wewe mwenyewe: kamba ikitolewa kwa kuchomolewa pembeni badala ya vidole kulegea, inarudi ikiyumba, na kelele inabadilika kila mshale. Ukiona mshale mmoja una kelele na unaofuata hauna, na umekwisha kagua noki, tazama vidole vyako. Na kama unashindwa kutulia sekunde mbili ukiwa umevuta, upinde ni mzito kwako. Hakuna marekebisho yatakayofidia hilo.

Sasa rudisha vinyamazishi. Kimoja kikae robo ya urefu wa kamba kutoka juu, kingine theluthi kutoka chini. Kamba ya upinde wa inchi 60 ina urefu wa karibu sentimita 142, kwa hiyo ni kama sentimita 35 kutoka juu na 47 kutoka chini. Visiwe umbali sawa. Kamba inapotetemeka huwa na sehemu zinazorukaruka na sehemu zilizotulia, na ukivifunga kwa umbali sawa unaweza kuvipachika vyote viwili penye utulivu, visifanye kazi yoyote. Visogeze sentimita moja moja ukisikiliza. Kinyamazishi kinavyokaribia katikati ya kamba ndivyo kinavyokula mwendo wa mshale zaidi. Mpira unafanya kazi vizuri ila ni mzito na jua huukausha ukakatika. Sufu ni nyepesi na ya bei ndogo, lakini ikilowa inakunywa maji na kulemea kamba. Manyoya ya mnyama wa majini, kama fisi maji, yamekatwa ukanda mwembamba na kusokotwa kwenye kamba, ndiyo ninayoyapenda: mepesi, na maji hayayakai. Baada ya kuvifunga, piga tena mshale usio na manyoya, kwa sababu uzito ulioongeza kwenye kamba unaweza kuufanya mshale uonekane mgumu zaidi kuliko awali.

Neno kuhusu masikio yako. Wewe uko nyuma ya upinde, kichwa kiko sentimita chache kutoka kwenye kamba. Mnyama yuko mbele. Sauti mnazosikia ni mbili tofauti. Weka simu inarekodi karibu na shabaha, kando, nyuma ya gogo au kitu kinachoweza kuzuia mshale, na iache palepale kwa majaribio yote. Taja kwa sauti unachojaribu kabla ya kila mshale ("kimo 19 na nusu, bila sufu"), kisha sikiliza baadaye kwa spika za masikioni. Utashangaa: baadhi ya marekebisho yaliyokufurahisha nyuma ya upinde hayasikiki mbele, na kinyume chake.

Unaposikiliza, usitafute ukimya. Haupo. Upinde wako utarusha mshale kwa mita 50 hivi kwa sekunde, sauti inakwenda 340. Kwa mnyama aliye mita 15, sauti inamfikia kabla ya mshale kwa karibu robo ya sekunde. Kwa mita 25, zaidi ya sekunde 0.4, na huo ni muda wa kutosha mnyama mwepesi kuchuchumaa tayari kuruka, mshale ukampita juu ya mgongo au, kibaya zaidi, ukamjeruhi tu. Unachotafuta ni sauti nzito, fupi, isiyo na makali. "Tup" ya chini huchanganyika na sauti za kawaida za porini. "Taa" ya juu haifanani na kitu chochote pale. Kama kwenye rekodi yako mlio umekuwa mzito lakini sauti yenyewe bado ni kubwa kiasi, usijali sana. Na hata upinde ukitulia namna gani, umbali mfupi ndio unaokata ule muda.

La mwisho ni mshale ukiwa hewani, maana nao huimba. Simama nyuma ya mti mnene pembeni, mwenzako apige, usikilize unavyopita. Manyoya yaliyokatwa kwa ncha ya nyuma iliyochongoka hupiga filimbi zaidi kuliko yaliyokatwa kwa mviringo, na nyoya lililochanika ukingo hunguruma. Manyoya makubwa sana huvuma bila faida, ilimradi mshale tayari umekaa sawa kwenye jaribio lako. Vyembe vya kuwindia vyenye matundu ubavuni vingi huimba. Vya bamba zima vinapita kimya. Vyovyote utakavyochagua viwe na uzito uleule wa vyembe vyako vya mazoezi, na ukizungusha mshale kwenye ukucha wa kidole gumba ncha isiyumbe hata kidogo. Chembe kinachoyumba kitageuza uelekeo wa mshale hata kama upinde umenyamaza kabisa.